Kusanifu Kituo cha Miale ya Nyutroni kwa Fizikia ya Msingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa fizikia na uhandisi, walimu wa sekondari, na yeyote mwingine wa Dodoma au Singida anayetaka kuelewa namna kituo cha miale ya nyutroni kinavyosanifiwa. Tanzania haina kinu cha nyuklia cha utafiti wala chanzo kikubwa cha nyutroni. Kwa hiyo Dodoma inapotajwa hapa, inatajwa kama eneo la kufanyia mahesabu, wala hakuna mradi unaotangazwa. Mahesabu yenyewe ni ya kweli, na mengi kati yake yanaweza kufanywa na mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida.

Kituo cha miale ya nyutroni ni nini?

Nyutroni ni chembe isiyo na chaji iliyomo ndani ya kiini cha atomu, na James Chadwick ndiye aliyeithibitisha mwaka 1932. Kituo cha miale ni mahali ambapo nyutroni hutolewa kwa wingi kutoka kwenye viini, hupunguzwa mwendo, kisha huelekezwa kupitia mifereji maalumu hadi kwenye chumba cha majaribio. Vituo vingi vya namna hii duniani hutumia nyutroni kuchunguza vitu vingine, kama vile vyuma, protini na betri. Katika fizikia ya msingi kinachochunguzwa ni nyutroni yenyewe pamoja na nguvu za asili zinazoitawala.

Kwa msanifu tofauti hiyo ni kubwa. Mtafiti wa vyuma huomba siku chache, mwale mwembamba na nyutroni za urefu wa wimbi aliouchagua. Mtafiti wa fizikia ya msingi huomba nyutroni zote zinazopatikana, mwale mpana, na nafasi ya kukaa mahali pamoja kwa miezi au miaka bila kuondolewa vifaa vyake. Kituo kilichosanifiwa kwa ajili ya wa kwanza huwa hakimfai wa pili, hata kikiwa na chanzo chenye nguvu sana.

Ni maswali gani ya msingi yanayoweza kujibiwa kwa nyutroni?

La kwanza ni uhai wake. Nyutroni iliyo nje ya kiini huoza na kuwa protoni, elektroni na antinyutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji), na wastani wa uhai wake haufiki dakika 15. Kuna njia mbili za kuupima. Katika njia ya mwale, nyutroni hupita ndani ya kifaa na protoni zinazozaliwa njiani huhesabiwa. Katika njia ya chupa, nyutroni baridi kupita kiasi, yaani zilizopunguzwa mwendo mno, hufungiwa ndani ya chombo na zile zilizosalia huhesabiwa baada ya muda. Njia ya mwale imetoa takribani sekunde 888, na njia ya chupa takribani sekunde 878. Pengo hilo la sekunde 10 hivi ni kubwa kuliko makosa ambayo watafiti wenyewe wanayakadiria. Thamani hiyo ina uzito, kwa kuwa ni sehemu ya hesabu ya kiasi cha heliamu kilichotengenezwa katika dakika za mwanzo za ulimwengu.

La pili ni namna elektroni inavyochagua upande wa kutokea pale nyutroni inapooza. Kifaa cha PERKEO III, kilichofanya kazi huko Grenoble nchini Ufaransa, kilipima jambo hili kwa usahihi wa hali ya juu, na kutokana na kipimo hicho tunajifunza jinsi nguvu dhaifu ya nyuklia inavyofanya kazi. La tatu ni iwapo chaji chanya na hasi zilizomo ndani ya nyutroni zimeachana japo kidogo. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Paul Scherrer nchini Uswisi walionyesha kwamba utengano huo, kama upo, hauzidi 1.8 × 10⁻²⁶ kwa kipimo cha chaji ya elektroni mara sentimita. Kama ungepatikana, ungesaidia kueleza kwa nini ulimwengu umejaa maada huku antimaada ikiwa imetoweka.

Yapo pia maswali ya nguvu ya uvutano. Colella, Overhauser na Werner walionyesha mwaka 1975 kwamba uvutano wa dunia hubadilisha awamu ya wimbi la nyutroni, na mwaka 2002 ilionekana huko Grenoble kwamba nyutroni zinazodunda juu ya kioo hukaa kwenye viwango maalumu vya kimo, kile cha chini kabisa kikiwa karibu mikromita 14.

Usanifu unaanzia kwenye chanzo au kwenye jaribio?

Unaanzia kwenye jaribio. Hili ndilo jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko yote, kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu vituo vya namna hii huanza na ukubwa wa kinu, ilhali kinachoamua kufaulu ni uwiano kati ya nyutroni zenye manufaa na kelele zinazoziandama, yaani ishara zisizotakiwa zinazoingia kwenye vipimo.

Chukua jaribio la NPDGamma lililofanyika Oak Ridge nchini Marekani. Nyutroni zenye spini (hali ya asili inayoifanya kila nyutroni iwe kama sumaku ndogo yenye mwelekeo) zilizopangiliwa upande mmoja zilimezwa na haidrojeni, na watafiti wakapima iwapo miale ya gama inayotoka inapendelea upande mmoja wa spini kuliko mwingine. Tofauti iliyopatikana, iliyochapishwa mwaka 2018, ilikuwa sehemu 3 kati ya milioni 100. Ili kupima tofauti ya ukubwa wa 10⁻⁸, kanuni za takwimu zinadai matukio yapatayo 10¹⁶. Kigunduzi kikipokea matukio bilioni 10 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua sekunde milioni 1, yaani karibu siku 12 za kuhesabu mfululizo. Kikipokea milioni 100 kwa sekunde, kazi ileile hudai zaidi ya miaka 3 bila kusimama.

Hata hivyo, idadi ya matukio ni nusu tu ya hoja. Endapo aluminiamu iliyomo kwenye madirisha ya kifaa nayo inameza nyutroni na kutoa gama, gama hizo huingia kwenye hesabu pamoja na zile za haidrojeni, na kuongeza muda hakutaziondoa. Msanifu hana budi kuuliza mapema: ni kelele gani zitafanana na kitu ninachokitafuta, na zitatoka wapi? Majibu ya swali hilo ndiyo yanayoamua upana wa mfereji, mpindo wake, aina ya kinga, na hata aina ya nondo zitakazowekwa sakafuni.

Je, kinu cha nyuklia ni bora kuliko kichapuzi?

Inategemea. Kinu hutoa nyutroni bila kukatika kutokana na mpasuko wa urani. Kinu cha Taasisi ya Laue-Langevin cha Grenoble kina megawati 58, na mwale wake uitwao PF1B umehudumia fizikia ya msingi kwa miaka mingi. Kichapuzi huzipa protoni mwendo mkubwa na kuzigongesha kwenye metali nzito, ambayo hutema nyutroni zipatazo 20 au zaidi kwa kila protoni yenye nishati ya bilioni moja ya elektronivolti (kipimo kidogo cha nishati kinachotumika kwa chembe). Chanzo cha Oak Ridge hupiga mapigo 60 kwa sekunde kwenye shabaha ya zebaki, na mwale wake namba 13 umetengwa kwa fizikia ya msingi. Kile cha J-PARC nchini Japani hupiga mapigo 25, na cha ESS kinachojengwa Lund nchini Uswidi kimesanifiwa kwa mapigo 14.

Faida ya mapigo ni kwamba muda wa kufika huifichua kasi. Nyutroni ya urefu wa wimbi wa angstromu 4 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) husafiri karibu mita 990 kwa sekunde, hivyo ikitoka kwenye chanzo hufika umbali wa mita 15 baada ya milisekunde 15 hivi. Mtafiti anayejua kasi ya kila nyutroni anaweza kutenganisha kelele zinazotegemea kasi na zile zisizoitegemea, na kwa maoni yangu silaha hiyo haijathaminiwa vya kutosha. Kasoro yake ni kwamba nyutroni za polepole za pigo moja hufikiwa na zile za haraka za pigo linalofuata. Kwa mapigo 60 na umbali wa mita 15, dirisha linalobaki bila mchanganyiko lina upana wa angstromu 4.4 tu, na magurudumu yanayozunguka yenye nafasi maalumu huhitajika ili kuzizuia nyutroni zilizo nje ya dirisha hilo.

Katika bara letu, kinu cha SAFARI-1 cha Pelindaba nchini Afrika Kusini, chenye megawati 20, kimefanya kazi tangu 1965. Misri, Moroko, Algeria, Ghana, Nigeria na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nazo zimewahi kujenga vinu vya utafiti vya ukubwa mbalimbali.

Kwa nini nyutroni hupozwa?

Nyutroni ikitoka tu kwenye kiini huenda kasi mno. Hugongana na maji, kisha na haidrojeni ya kimiminika yenye joto la kelvini 20 hivi (karibu nyuzi 253 za selsiasi chini ya sifuri), hadi mwendo wake ushuke kufikia mita elfu moja kwa sekunde au chini ya hapo. Inapokwenda polepole hukaa muda mrefu zaidi ndani ya kifaa, na muda huo una thamani: kati ya nyutroni milioni moja zinazopita umbali wa mita moja kwa mwendo huo, ni moja hivi tu inayooza humo. Nyutroni za polepole pia huakisiwa vizuri zaidi na vioo. Zikishuka chini ya mita 7 hivi kwa sekunde huakisiwa kwa pembe yoyote ile, na hapo ndipo zinaweza kufungiwa kwenye chupa. Nyutroni ya mita 5 kwa sekunde ikirushwa juu haivuki mita 1.3 kabla uvutano haujairudisha.

Mfereji wa nyutroni unafanyaje kazi, na kwa nini hupindishwa?

Mfereji ni mrija wa pembe nne uliojengwa kwa vioo vilivyopakwa matabaka membamba ya nikeli na titani. Nyutroni inayogusa ukuta kwa pembe ndogo huakisiwa na kuendelea mbele. Kwa nikeli ya kawaida pembe hiyo ni sehemu ya kumi ya nyuzi kwa kila angstromu ya urefu wa wimbi, na matabaka mengi ya kisasa huiongeza mara mbili, tatu au zaidi. Ndani ya mrija hutolewa hewa, kwa sababu hewa ya kawaida hutawanya asilimia kadhaa ya nyutroni katika kila mita.

Sababu ya kupindisha ni kelele. Chanzo hutoa pia nyutroni za haraka na gama kali ambazo haziakisiwi na kioo, bali hunyooka moja kwa moja. Mfereji ukipindishwa kwa upole, nyutroni baridi huufuata mpindo huku zile za haraka zikigonga ukuta na kumezwa na kinga. Urefu unaohitajika ili chanzo kisionekane tena kutoka mwisho wa mfereji ni kipeuo cha pili cha mara 8 ya upana ikizidishwa kwa nusu kipenyo cha mpindo. Kwa mfereji wenye upana wa sentimita 6 na nusu kipenyo cha mita 1,000, jibu ni karibu mita 22.

Kila mpindo una gharama yake. Ukipinda zaidi unafupisha jengo, lakini unapoteza nyutroni za mawimbi mafupi. Hapa ndipo msanifu anapaswa kurudi kwa mtafiti na kumuuliza ni mawimbi gani anayahitaji kwa dhati, badala ya kukisia.

Ujengaji wake unadai mikono mitulivu. Vipande vya kioo hupangwa kimoja baada ya kingine, na fundi akitumia darubini ya upimaji au leza huhakikisha kwamba kingo za vipande viwili zinakutana bila kuachana hata sehemu ndogo ya milimita. Dodoma ina changamoto yake hapa. Chuma cha urefu wa mita 10 hurefuka milimita 0.12 kwa kila nyuzi moja ya joto, na tofauti kati ya mchana na usiku wa mwezi Julai hupita nyuzi 10. Fremu ya mfereji iliyoachwa kwenye ukumbi wa mabati usio na udhibiti wa joto ingesogea zaidi ya milimita moja kila siku, na mpangilio wote ungeharibika.

Kinga hujengwa kwa nini, na je, zege la Dodoma linafaa?

Kinga hufanya kazi kwa hatua tatu. Vitu vyenye haidrojeni nyingi, kama polyethilini (aina ya plastiki) na maji, huzipunguza mwendo nyutroni za haraka. Kisha boroni, lithiamu au kadimiamu huzimeza zilizopungua. Mwishowe chuma, risasi na zege zito huzuia gama zinazozaliwa. Uchaguzi wa kimezaji ni uamuzi wa kisayansi. Kadimiamu humeza kwa nguvu sana, lakini kila inapomeza hutoa gama kali. Boroni hutoa gama dhaifu zaidi, ya elektronivolti laki 4.78. Lithiamu-6 karibu haitoi gama kabisa, ndiyo maana hupendwa karibu na vigunduzi licha ya bei yake. Chuma peke yake kina udhaifu ambao haumjii mtu haraka akilini: nyutroni zenye elektronivolti elfu 24 hupenya ndani yake kwa urahisi, kwa hiyo ni lazima kifuatwe na kitu chenye haidrojeni.

Zege la Dodoma linahitaji uangalifu wa aina mbili. Wa kwanza ni maji. Zege huzuia nyutroni kwa sababu ya haidrojeni iliyomo kwenye maji yaliyoshikamana na saruji, na katika mji wenye mvua chache na kiangazi kinachochukua zaidi ya nusu ya mwaka, ukuta uliomwagwa bila kumwagiliwa vya kutosha hukauka haraka, hupasuka na kubaki na maji machache kuliko yale yaliyowekwa kwenye mahesabu. Wakandarasi wa hapa wanalijua hili kwa upande wa uimara. Kwa upande wa kinga uzito wake ni mkubwa zaidi, kwa maana ukuta unaweza kubeba paa vizuri kabisa na bado ukapitisha nyutroni nyingi kuliko ilivyokusudiwa.

Wa pili ni kokoto. Miamba ya Dodoma ni ya granaiti kwa sehemu kubwa, na granaiti kwa kawaida ina urani, thoriamu na potasiamu kwa viwango vidogo vya asili. Viwango hivyo havina shida kwa nyumba ya kuishi, lakini kigunduzi kinachosaka matukio machache kwa siku huona gama zao saa zote. Kabla ya kuchagua machimbo ya kokoto, sampuli za kila machimbo hazina budi kupimwa kwa kigunduzi cha germaniamu, na ukuta wa ndani wa ukumbi wa majaribio ujengwe kwa ile yenye mionzi kidogo zaidi.

Jambo la mwisho kuhusu kinga ni matundu. Kila waya, bomba la gesi na mlango hudai nafasi ya kupita, na nyutroni hupenya kwenye mwanya kama maji ya mvua yanavyopenya kwenye paa lenye tundu la msumari. Matundu ya nyaya hupindishwa mara mbili au tatu ndani ya ukuta, na hupangwa kwenye michoro kabla zege halijamwagwa. Kutoboa baadaye kwa sababu mtu alisahau waya mmoja ni njia ya hakika ya kuharibu kinga iliyogharimu fedha nyingi.

Kwa nini wasanifu wanahangaikia uga wa sumaku?

Kwa sababu spini ya nyutroni huzunguka ndani ya uga wa sumaku, mara milioni 29.16 kwa sekunde katika uga wa tesla moja (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku). Uga wa dunia katika ukanda wetu ni dhaifu kuliko wa Ulaya, ukizidi kidogo mikrotesla 30. Hata hivyo nyutroni ya mita 1,000 kwa sekunde ikipita mita moja tu ndani yake, spini yake hukaribia kukamilisha mzunguko mzima. Nyutroni zilizopangiliwa kwa taabu, kwa vioo vya sumaku au kwa gesi ya heliamu-3, zingepoteza mpangilio wake mara moja kama zisingeongozwa na uga uliotengenezwa makusudi kutoka mwanzo hadi mwisho wa njia.

Jaribio la utengano wa chaji ni gumu zaidi, kwani hufanyika kwenye uga wa mikrotesla 1 hivi unaotakiwa kutulia kwa saa nyingi. Vifaa hufunikwa kwa matabaka ya aloi ya nikeli na chuma inayovuta uga wa nje, lakini ni busara kuanza na eneo tulivu. Nondo za kawaida zilizo chini ya sakafu hubeba sumaku, hivyo chini ya ukumbi kama huo hutumika nondo za chuma cha pua kisichoshika sumaku. Kreni ya juu ikisogea, uga hubadilika. Lori likipita nje, vilevile. Dodoma ina reli ya zamani na reli mpya ya SGR inayoendeshwa kwa umeme, ambayo ilianza kusafirisha abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Mkondo wa umeme unaorejea kupitia reli na ardhini husikika mbali kwa kipima sumaku chenye hisia kali. Ningeshauri uga upimwe usiku na mchana kwa wiki kadhaa, huku ratiba ya treni ikiwekwa kando ya vipimo, kabla ya kiwanja chochote kukubaliwa.

Je, urani ya Bahi na Manyoni ingetumika kama mafuta ya kinu?

Si moja kwa moja. Urani iliyogunduliwa katika mabonde ya Bahi na Manyoni ni ya asili, na chini ya asilimia moja yake ndiyo aina inayopasuka kwa urahisi. Vinu vingi vya utafiti vya sasa hutumia urani iliyorutubishwa hadi karibu asilimia 20, na kazi ya kurutubisha hufanywa na nchi chache chini ya uangalizi mkali wa kimataifa. Mafuta hununuliwa yakiwa tayari. Kwa msanifu wa kituo hiki, urani ya Bahi ina maana tofauti: ni sababu nyingine ya kupima mionzi ya asili ya udongo, maji ya visima na mchanga kabla ya kujenga.

Maji na umeme vingetosha?

Maji ndiyo yanayonitia wasiwasi. Kuondoa megawati 1 ya joto kwa kuvukiza maji hutumia takribani lita 36,000 kwa siku, na kinu cha megawati 20 kingehitaji zaidi ya lita 700,000 kila siku. Dodoma hutegemea kwa kiasi kikubwa visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na wakazi wake wanajua maana ya mgao. Sioni haki ya kuwanyang'anya maji hayo kwa ajili ya kupoza mashine. Zipo njia za kupoza kwa hewa kavu, ambazo hudai eneo kubwa na feni nyingi, na hufanya kazi vibaya katika joto la Oktoba na Novemba. Matengenezo ya mwaka yangeweza kupangwa kuangukia miezi hiyo.

Umeme una nafuu zaidi tangu bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lianze kuingiza nguvu kwenye gridi ya taifa. Kinachotakiwa zaidi ni uthabiti, kwa kuwa kichapuzi huzimika volti ikiyumba kwa sehemu ya sekunde, na kukirudisha kwenye hali ya kazi huchukua muda mrefu.

Vipi kuhusu matetemeko ya ardhi?

Ukanda wa kati umepitiwa na nyufa za tawi la mashariki la Bonde la Ufa, na mitetemo midogo husikika Dodoma mara kwa mara. Jengo na kinga husanifiwa kwa kuzingatia hilo, na mfereji huwekwa juu ya msingi uliotenganishwa na kuta ili uweze kupangwa upya baada ya mtetemo.

Je, wakazi wa jirani wangekuwa salama?

Kiwango kinachotumika kimataifa kwa mtu wa kawaida ni milisiveti 1 (kipimo cha athari ya mionzi mwilini) kwa mwaka juu ya mionzi ya asili, na kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka. Kinga husanifiwa ili nje ya uzio kipimo kiwe chini sana ya hapo. Mwale wenyewe hausafiri hadi mtaani, kwa kuwa humalizikia ndani ya ukuta wa kuumeza, na mlango mzito unaoziba njia ya mwale ukifungwa nyutroni huzuiwa papo hapo. Vitu vilivyokaa kwenye mwale huweza kubaki na mionzi kwa muda, ndiyo maana huhifadhiwa na kupimwa kabla ya kutolewa. Hapa nchini, shughuli zote za namna hii husimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003.

Mwananchi ana haki ya kuuliza zaidi ya hayo. Ana haki ya kuona vipimo vya mionzi vya kabla ya ujenzi na vya baada yake, vikiwekwa wazi kwa lugha anayoielewa.

Kituo kidogo kingefaa kwa lolote?

Kingefaa sana, ila si kwa kila jambo. Zipo mashine ndogo zinazopiga protoni za nishati ya chini kwenye beriliamu, kama RANS ya taasisi ya RIKEN nchini Japani inayotumia protoni za milioni 7 za elektronivolti. Nyutroni zake ni chache, pungufu ya moja kwa kila protoni mia, kwa hiyo jaribio la aina ya NPDGamma haliwezekani hapo. Lakini kwa mashine kama hiyo watafiti hujaribu vioo vya mifereji, hukagua vigunduzi, hupima ubora wa vigeuza spini, na kufundisha vijana kushika vifaa kwa mikono yao. Joto lake ni dogo, hivyo hata hoja ya maji huisha. Kama ningeombwa ushauri kwa ajili ya ukanda wa kati, ningependekeza mashine ya aina hii kwanza, pamoja na ukumbi wenye sakafu isiyo na sumaku na nafasi ya kuongeza mfereji baadaye, huku watafiti wetu wakipeleka vifaa walivyovijenga hapa kwenye miale mikubwa ya Pelindaba, Grenoble au Oak Ridge.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aanzie wapi leo?

Aanze na programu ya McStas, ambayo hutolewa bure na hufuata safari ya nyutroni mojamoja kutoka kwenye chanzo hadi kwenye kigunduzi. Kwa upande wa kinga ipo Geant4, nayo ni ya bure. Zoezi zuri la kwanza ni ule mfereji wa upana wa sentimita 6 na nusu kipenyo cha mita 1,000. Aufanye kwanza mfupi kuliko mita 22, kisha mrefu zaidi, na atazame kama nyutroni zinazofika moja kwa moja bila kuakisiwa zinatoweka. Halafu abadilishe ubora wa kioo. Kwa matabaka yanayoongeza pembe ya nikeli mara mbili, idadi ya nyutroni inapaswa kuanza kuporomoka chini ya angstromu 3.2 hivi, kwa yale yanayoongeza mara tatu, chini ya angstromu 2.1. Akipata majibu mengine, atafute kwanza kosa kwenye vipimo vya pembe, kwani hapo ndipo wengi huchanganya nyuzi na radiani.